Sukari ya Mheshimiwa

Mheshimiwa alianguka Jumamosi asubuhi, akiwa katika utekelezaji wa majukumu yake, mbele ya shule nzima. Miguuni alikuwa ameshikilia nondo ya kugongea kengele. Aliyemtuma ni mimi.

Nieleze kwa ufupi na kwa unyenyekevu, kama tunavyoeleza mbele ya kamati ya nidhamu. Katika Sekondari ya Igwambilo hakuna kinachoanza bila kengele. Hatuamki, hatuli, hatusali wala hatulali mpaka ilie. Kengele yenyewe ni ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mkaratusi katikati ya uwanja, na asubuhi ile ilikuwa iite jaribio la hesabu. Nikafikiri, kwa akili niliyojaliwa, kwamba nondo ikipotea na hesabu itapotea.

Anyelwisye, kiranja wa kengele, alikuwa amesimama chini ya mti akiitazama saa yake kwa heshima anayowanyima binadamu wenzake. Mheshimiwa, droni ya bweni letu, alishuka taratibu nyuma yake, akaichomoa nondo kwenye msumari, akapaa. Kidato cha tatu kizima kilikuwa madirishani, mikono mdomoni. Anyelwisye akageuka, akauona msumari mtupu, akaangalia juu, akaangalia chini. Kisha akaokota jiwe, akaigonga ringi kwa jiwe.

Sikuwa nimefikiria jiwe.

Kwa Mheshimiwa, kengele ina maana moja tu: sukari. Hatukukusudia kumfundisha hivyo. Kengele ya uji ikilia sisi tunakimbilia bakuli na yeye anakimbilia dirisha la bweni la wasichana, ambako kila mmoja wetu humwekea kijiko cha sukari kutoka sandukuni mwake, akanyonya mpaka tumbo lake la plastiki likawa na ukungu. Nusu ya bweni inakunywa uji usio na sukari kwa ajili yake. Ndiyo maana anaitwa Mheshimiwa. Anakula cha wote, na hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya nini nacho.

Basi aliposikia ringi alisahau kwamba anatoroka. Akageuka hapohapo hewani na mzigo wake, akashika njia ya sukari kwa kasi yake yote, na kati yake na sukari palikuwa na mkaratusi.

Nilifika wa kwanza. Alikuwa ameangukia jiwe tunalofulia nguo. Mkono wake wa kushoto wa mbele ulikuwa umechomoka kwapani, panga lake la kurukia limepinda kama kijiko, na utomvu, ambao ndio damu yake, ulikuwa ukimtiririka. Alikuwa analia. Mlio huo watengenezaji waliuchagua kwa makusudi: unaanza kama birika linalokaribia kuchemka, unapanda, na hauachi. Walitaka uwe mlio ambao mtu hawezi kukaa nao chumba kimoja bila kufanya kitu. Wamefaulu sana.

Mama anasimulia kwamba droni za utotoni kwake hazikuumia. Zilikuwa plastiki na betri, zikaangukia watu vichwani, zikavunja vioo, zikaingia kwenye nyaya za umeme, na kesho yake zikarudia kosa lilelile kwa moyo mkunjufu. Ndipo mtu mmoja mwenye elimu kubwa akagundua kwamba ukiikuzia droni neva, ikagonga ukuta mara moja, haitagonga ukuta tena maisha yake yote. Sasa hata hizi za kuchezea zinazouzwa kwenye maboksi yenye picha za watoto wanaocheka zina neva. Zinaruka vizuri ajabu.

Nyuma yangu watu walianza kucheka, maana jambo lolote ninalofanya watu huanza kwa kucheka. Mlio ukapanda. Wakaacha.

"Tuse," Anyelwisye alisema, jiwe bado mkononi, "mimi nilikuwa nagonga kengele tu."

"Najua."

"Sikujua kama ata..."

"Anye, nimesema najua. Kanyamaze huko."

Nikavua tai yangu, nikaufunga ule mkono mwilini kwake. Alikuwa anatetemeka mapanga yote. Nikamwinamia nikamwambia maneno ninayomwambia kila jioni nikimsafisha, kwa sauti ya mkuu wa shule, ile ya puani: "Tulia, Mheshimiwa. Kikao bado hakijaanza."

Akatulia. Hata katika hali ile, akatulia.

* * *

Wanafunzi haturuhusiwi simu, kwa hiyo fundi tulimpigia kwa simu ya Madamu Chaula, ofisini kwake. Madamu anatufundisha biolojia na ndiye mlezi wa wasichana. Muhula uliopita alikuta viatu vyake vya kanisani juu ya paa la jiko, na uchunguzi wa tukio hilo bado unaendelea. Alikuwa na kila sababu ya kunifukuza. Badala yake aliiegemeza simu kwenye boksi la chaki, akanisogezea kiti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti." Fundi Nsajigwa alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja puani na moja kwenye paji la uso. Nyuma yake kulikuwa na rafu za chupa, na ndani ya kila chupa kitu cheupe kama mzizi mwembamba kilichokuwa kikicheza polepole. "Mgeuze nimwone kwapa. Hapo. Aisee. Mlianguka kutoka wapi, mnarani?"

"Aligonga mti."

"Miti haisogei."

"Huu wetu ulikaa mahali pabaya."

Hakucheka. Alishusha ile miwani ya pili, akaangalia kwa muda. Mheshimiwa alikuwa ndani ya boksi la viatu, mlio wake umeshuka ukawa wa birika lililosahauliwa.

"Nyuzi tisa," alisema. "Zote zimekatika. Utomvu unavuja, kesho jioni utakuwa umekwisha. Mlete."

"Mtaziunga?"

"Haziungwi hapa. Ili ziungwe lazima awe macho. Unagusa uzi, unaangalia kipi kimetikisika, ndipo unajua ni uzi wa nini na unakwenda wapi. Akilala zote zinafanana kama nywele. Na akiwa macho zinauma, binti. Zinauma kuliko alivyoanguka. Sisi wenye leseni haturuhusiwi kutesa. Akifika mlangoni tunamzima, tunatoa neva yote, tunapanda changa." Akaelekeza kidole kwenye chupa. "Siku ya pili anaruka. Dhamana mwaka mzima."

"Atanijua?"

"Atakuwa mwingine ndani ya ganda lilelile. Hatakujua wewe wala kengele yenu wala mti wenu. Lakini huyu aliyemo hatahisi kitu. Hilo nakuahidi."

"Na kuhusu malipo," Madamu alisema kwa upole, "baba yako nimeshaongea naye. Atalipa. Amesema na mengine ambayo siyarudii. Gari la shule linashuka Mbeya kesho baada ya chakula cha mchana."

Likawa limekwisha. Kosa langu lilikuwa limepata mlipaji, fundi, gari na dhamana, na mimi sikutakiwa kufanya chochote ila kutia kitu ndani ya boksi na kufunga. Nilitakiwa nifurahi. Nilibaki nalitazama boksi.

"Fundi, wapo wanaounga wenyewe?"

"Wapo. Mwenye mikono midogo na macho mazuri anaweza. Lakini wengi huja kwangu baadaye."

"Wakishindwa."

"Hata wakifaulu." Akavua miwani zote mbili, na bila miwani alionekana mtu aliyechoka tu. "Kitu hiki kimeumbwa kijifunze kwa maumivu. Kikigonga ukuta, kinaukwepa ukuta. Sasa mkono utakaoshika sindano, kitaujifunza vilevile. Neva haijui daktari, binti yangu. Inajua tu nani alikuwepo ilipokuwa inauma."

Madamu alizima simu. Dirishani ukungu wa milima ya Uporoto ulikuwa umeshafika kwenye kamba za kuanikia, ukizimeza soksi za watu moja moja.

"Tuse Mwakisambi," alisema, "unataka kumtengeneza kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yake, Madamu. Wakimzima anakufa. Wanaliita jina lingine tu."

"Amekwambia kwamba anataka kuishi hata kwa maumivu hayo?"

"Kila kengele ikilia anakuja mbio. Mtu asiyetaka kuishi hawezi kuja mbio hivyo."

"Na wewe kengele ikilia unakuja mbio," alisema Madamu Chaula. "Umewahi kupenda kande za jikoni kwetu?"

Mimi, ambaye nimewahi kujibu hata mhubiri mgeni, nikalifunika boksi. Yeye akasimama, akaanza kupanga madaftari ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

"Sikuruhusu na sikukatazi. Gari halitamsubiri mtu. Na ufunguo wa maabara uko palepale ulipouchukua mara ya mwisho, usijifanye hupajui."

* * *

Wazo lilinijia Jumapili kwenye ibada, mahali ambapo mawazo yangu mabaya hupenda kunikuta.

Nilikuwa sijalala vizuri. Nilikuwa nimekaa naye, nikimdondoshea maji ya sukari kwa pamba, na kila tone aliitikia kwa kunguruma kidogo, kama paka mwenye shukrani, kisha maumivu yakamkumbuka akaanza upya. Nikawaza: wakimzima, ule mngurumo unakwenda wapi? Nikawaza tena: na nikimuunga mimi, ataningurumia tena? Nilitaka vyote viwili. Nilitaka awe yeye, na nilitaka anipende. Mtu mzima angeniambia nichague. Lakini mimi maisha yangu yote nimeishi kwa kutafuta njia ya tatu, ile ambayo kosa linafanyika na anayeadhibiwa ni mwingine.

Mbele yangu wanakwaya walikuwa wamevua masweta ili wavae majoho. La Anyelwisye lilikuwa limekunjwa vizuri mwisho wa benchi, kola juu. Anyelwisye anaimba besi akiwa amefumba macho.

Droni humjua mtu kwa sura, kwa harufu na kwa sauti. Sura ni soksi moja juu ya kamera. Harufu ni sweta. Sauti ni kunyamaza. Hila yangu bora kuliko zote nilizowahi kubuni, na kwa mara ya kwanza aliyelengwa hakuwa mwalimu.

"Kwa hiyo Anye ndiye atakayechukiwa," alisema Sigwa, tulipojifungia maabara. Sigwa Tweve ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, mtoto wa Makete, mpole kiasi kwamba humwomba radhi hata mende kabla ya kumkanyaga. Kazi yake ilikuwa kushika taa na kioo cha kukuzia.

"Anye ana watu wengi wa kumpenda. Anaimba besi."

"Tuse."

"Ni droni moja tu, Sigwa. Itamkwepa. Atalia kwa sababu droni imemkwepa?"

"Kama ni droni moja tu, mpakie kwenye gari."

Nilivaa sweta nililoliiba kwenye benchi. Mikono yake ilinifika kwenye kucha, nikaikunja mara mbili. Lilinuka sabuni ya mche na moshi wa jikoni.

"Kuanzia sasa sisemi neno," nikamwambia. "Na wewe usiniite jina."

* * *

Uzi wa neva ni mwembamba kuliko unavyofikiri. Tulikuwa na sindano ya kutungia shanga, gundi ya neva tuliyoikuta kwenye boksi la matengenezo, na kibanio cha maabara kilichomshika kiunoni. Nilifungua kwapa kwa bisibisi ndogo. Nyuzi tisa zilikuwa zimejikunja ndani kama konokono waliotishwa, na upande wa pili, kwenye mkono uliochomoka, vishina tisa vilikuwa vikizisubiri.

Nikagusa wa kwanza.

Sitaueleza mlio ule. Panga la mbele lilitikisika, kwa hiyo ulikuwa uzi wa kuzungusha. Nikauvuta, nikauweka kwenye kishina chake, tone la gundi, nikahesabu pumzi mpaka ikakauka. Mlio ukashuka. Nikagusa wa pili.

Tulifanya kazi hivyo asubuhi nzima. Sigwa alikuwa analia bila sauti, machozi yakimdondokea shingoni, na taa haikutikisika hata mara moja. Mimi niliuma mdomo. Ilikuwa vigumu kuliko sindano yenyewe. Mheshimiwa alikuwa akinitafuta. Kila baina ya uzi na uzi aligeuza kichwa chake chenye soksi huku na huku, akitoa kale kangurumo kadogo ka kuuliza, kale anakotoa jioni akisikia hatua zangu mlangoni, kisha akanyamaza kusikiliza. Nilikuwa hapo, karibu naye kama kalamu na karatasi. Sikumjibu.

Baada ya uzi wa tano alianza kujifunza. Kila niliposogeza mkono wenye sweta, hata kabla ya kugusa, alijikunja. Hila ilikuwa inafanya kazi. Ndani ya kichwa kidogo kile Anyelwisye alikuwa akijengwa polepole kuwa shetani.

Nilikuwa nimeshika uzi wa sita kengele ilipolia.

Haukuwa wakati wake. Chakula kilikuwa bado, hata moshi wa jiko ulikuwa bado mweusi. Lakini ringi ililia, na Mheshimiwa, aliyefungwa kwenye kibanio na kwapa wazi, akasikia sukari.

Mapanga matatu mazima yaliwaka kwa pamoja. Kibanio kilikwaruza meza. Alikuwa anakwenda, alikuwa anakwenda dirishani kwa wasichana na mwili wake wote, na kila alipovuta, nyuzi zilikatika. Niliziona zikikatika. Wa tano. Wa pili. Utomvu ulirukia kioo cha Sigwa.

Sikuwa nimemwambia Anyelwisye asigonge kengele. Jambo dogo kama hilo. Angekubali, ni mtu wa namna hiyo. Lakini ningemwambiaje? Tangu ibada nilikuwa namkimbia, kwa kuwa nilikuwa nimevaa sweta lake. Baadaye nilikuja kujua kwa nini aligonga mapema, yeye ambaye hajawahi kukosea hata dakika. Alikuwa amesimama kwenye ukungu na shati jembamba tangu ibada iishe, akitafuta sweta, na mikono ilipokufa ganzi aliamua kugonga ili akaote moto jikoni.

"Mtulize!" Sigwa alinong'ona. "Tuse, sema!"

Nikatikisa kichwa. Nikamwekea viganja mgongoni. Viganja vilinuka Anyelwisye, akapiga kelele zaidi, akavuta zaidi.

"Tulia, Mheshimiwa," Sigwa alimwambia, akijaribu ile sauti ya puani. "Kikao bado hakijaanza. Kikao... Tuse, hanisikii mimi! Hanijui hivyo!"

Uzi wa kwanza ukakatika.

Nilivua sweta. Lilikwama kichwani, nikalichana kola, nikalitupa. Nikamkumbatia pale mezani, kifua changu juu ya mapanga yanayozunguka, yakanichana shati na ngozi, nikaweka mdomo kwenye soksi.

"Tulia, Mheshimiwa. Kikao bado hakijaanza."

Akatulia.

Mapanga yalizima moja baada ya jingine. Akatoa kile kingurumo. Alikuwa amenipata. Alikuwa amenitafuta asubuhi nzima, na sasa nilikuwa nimekuja, na kila kitu kingekuwa sawa. Sijawahi kuona kitu kibaya kuliko hicho. Alitulia kwa sababu aliniamini, na mimi nikachukua sindano.

Tulianza upya zile zilizokatika. Bila maneno yangu hakukaa, kwa hiyo niliyasema kila uzi. Niliyasema kwa wa kwanza, akatulia, nikachoma. Niliyasema kwa wa pili, akatulia, nikachoma. Kwa wa tano alichelewa kidogo kutulia. Kwa wa saba nilipoyasema alitetemeka. Nilibadilisha sauti, nikaacha ile ya puani, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, hiyo ninayoongea nayo na mama. Haikusaidia. Akaijifunza na hiyo.

Kwa uzi wa tisa alianza kulia kabla sindano haijamgusa. Alianza nilipofungua mdomo.

Nje gari lilipiga honi.

Sigwa akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mpishi. "Bado lipo," alisema. "Tuse, wakimzima Mbeya, haya yote yanafutika. Hatakumbuka. Utapata mwingine anayekupenda. Utamfundisha tangu mwanzo, na hatakuwa ameumia hata siku moja."

Nilikuwa nimeshika sindano. Honi ikapigwa tena, ndefu, ya dereva mwenye njaa. Na hapo ndipo swali la Madamu Chaula, lile la kwa ajili ya nani, lilipoingia, limechelewa kama mimi ninavyochelewa mstarini. Jumamosi nilidhani gari ndiyo njia ya kumwacha na maabara ndiyo njia ya kumpenda. Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Kama nilikuwa nafanya kwa ajili yangu, wakati wa kumpakia ulikuwa huu: afutwe, anisahau, nianze tena kwa mikono safi. Huyu aliyekuwa mezani, anayelia kwa kusikia sauti yangu, alikuwa amebakiza uzi mmoja tu awe mzima. Na alikuwa ndiye yeye. Alikuwa yeye kuliko wakati mwingine wowote.

Na sikujua kama anataka. Mpaka leo sijui. Sina wa kumuuliza anayeweza kunijibu.

"Shika taa," nikamwambia Sigwa.

* * *

Kwa siku kadhaa alilala kwenye boksi chini ya kitanda cha Sigwa, maana chini ya changu alilia. Alhamisi Madamu Chaula alikuja bwenini kabla ya uji, akasimama mlangoni akiwa amefumbata mikono, akasema amekuja kukagua usafi. Hakukagua kitu.

Tulimweka kwenye jiwe la kufulia. Alichezesha mapanga matatu, halafu la nne, lile la kushoto mbele tulilolinyoosha, kwanza kwa kusita, kisha sawasawa. Shule nzima ilikuwa imejipanga veranda bila kuitwa. Chini ya mkaratusi Anyelwisye aliinua nondo, akanitazama kutoka mbali. Nikaitikia kwa kichwa. Akagonga.

Mheshimiwa alipaa. Aliukwepa mkaratusi kwa mbali sana, akazunguka tangi la maji, akashuka dirishani kwetu laini kama aliyekuwa akishushwa kwa uzi, na wasichana wakapiga kelele mpaka wapishi wakatoka na miko. Akanyonya kijiko cha kwanza. Akanyonya cha Sigwa, akanguruma. Vijiko vilikuwa vimepangwa dirishani kwa mstari, na cha mwisho kilikuwa changu.

Sikusema neno. Nilisimama tu nyuma ya kijiko changu.

Aligeuza kamera. Birika likaanza. Akarudi nyuma, akapanda hadi kwenye mabati, akajibana pembeni, analia, na kijiko chochote walichomnyooshea hakukiangalia. Walimwita, wakamwimbia. Kelele zikaisha. Kila mtu alikuwa akitafuta pa kuangalia pasipo mimi.

Nikatoka nje. Nilipofika kwenye mti, nyuma yangu mlio ulikuwa umekoma na vijiko vilikuwa vimeanza tena kugonga dirisha.

Anyelwisye alikuwa amevaa sweta lake. Kola lilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na mkononi kulikuwa na doa la utomvu lililogoma kutoka.

"Sigwa ameniambia," alisema.

"Sigwa hajui kutunza siri."

"Ulitaka anichukie mimi."

"Ndiyo."

Alifikiri. Anyelwisye akifikiri unaweza kumwona akifikiri. "Jana mlipolitoa boksi juani nilipita karibu akanikwepa. Leo asubuhi amenisogelea kidogo."

"Atakuzoea. Zako zilikuwa tano tu."

"Na wewe kwa nini ulilivua?"

"Joto," nikamwambia.

Ukungu ulikuwa umetufunika mpaka magotini, na meno yake yalikuwa yanagongana. Nikatoa kopo langu la sukari mfukoni mwa sketi, nililolijaza siku ya kutembelewa na wazazi, nikampa.

"Mpelekee. Mpe polepole, kwa kidole, asikimbie."

"Nimwambie ni ya nani?"

"Mwambie ni yako."

Alikwenda. Nilimwona akipanda ngazi za veranda, akisita, akinyoosha kidole ndani ya dirisha, na baada ya muda mrefu nikasikia ule mngurumo, mdogo, kutoka mbali. Nikasubiri pale chini ya ringi mpaka vijiko vyote viliponyamaza. Kisha nikaingia, nikachukua bakuli langu, nikanywa uji usio na sukari pamoja na wenzangu.